Mpiga Picha wa Harusi Muulizeni Anajua Nini, Msimuulize Cheti



Leo hatuna pishi wala mshono mpya. Leo tuna maneno, na mengine huenda yakatuchoma wenyewe, lakini bora tusemezane sisi kwa sisi kuliko kunyamaza huku watoto wetu wa kike wanaumia.

Shaabani, kama mnavyojua, ndio mwezi wa harusi. Kila mtu anataka kuoza kabla Ramadhani haijaingia, na sisi tunaoshona na kupamba hatulali. Ndani ya wiki moja tu walikuja dukani kwetu kinamama wawili. Wa kwanza alimleta mwanawe kupimwa gauni, na katika mazungumzo akatuuliza kama tunamjua mpiga picha mwanamke, kwa sababu siku ya ukumbini ni wanawake watupu. Tukamtajia msichana mmoja ambaye tumeshafanya naye kazi harusi nyingi. Swali lake la kwanza: "Ana diploma?" Tukamwambia hana, kajifunza kwa dada mmoja mkubwa, kambebea mabegi na taa miaka miwili, leo anasimama mwenyewe. Yule mama akakunja uso. "Basi huyo si mpiga picha, huyo ni mtu mwenye kamera."

Mwisho akamchukua mwanamme mwenye cheti kilichotundikwa ukutani. Sisi tulikuwepo siku hiyo, maana ndio tuliompamba biharusi. Mtoto wa watu kakaa juu ya kiti na mtandio umemfunika mpaka kidevuni usiku kucha. Mashoga zake kila kamera ikielekea kwao wanakimbia au wanajitanda. Hina yake ya siku mbili, nywele zake, mshono wetu wa wiki tatu, vyote havikuonekana. Picha zilikuwa safi sana, hatusemi uongo. Lakini zilikuwa picha za watu wanaojificha.

Mama wa pili alikuja siku tatu baadaye, naye alitaka ushauri. Mwanawe yuko kidato cha tatu, anapiga picha nzuri kwa simu, mtaani wanamsifu, na ameshaitwa kwenye akika mbili tatu akalipwa. "Nataka nimtoe skuli nimnunulie kamera," akatwambia. "Picha hazitaki skuli. Kwani nyinyi wenyewe mmesoma nini?"

Kinamama hawa wawili kila mmoja kashika nusu ya jambo akaifanya ndiyo yote. Wa kwanza anadhani elimu ni ile karatasi. Wa pili anaona kwa kuwa karatasi si lazima, basi na elimu nayo si lazima. Sisi tunasema wazi: kazi ya kupiga picha unaweza kuifanya bila ya cheti, lakini huwezi kuifanya bila ya kusoma. Anayemnyima mtoto wa kike kazi kwa sababu hana cheti anamdhulumu. Na anayemtoa skuli kwa sababu ya kamera anamdhulumu zaidi.

Kabla hatujaendelea, tunajua wapo miongoni mwetu wanaoona kuwa picha yenyewe ina maneno katika dini. Wanazuoni wamehitilafiana katika hilo na sisi si watu wa kutoa fatwa, tunawaachia masheikh. Leo tunazungumza na wale ambao harusini kwao picha zitapigwa tu, na swali lililobaki ni nani atakayezipiga.

Sisi tumesoma nini?

Tumeulizwa, basi tujibu. Tumemaliza kidato cha nne, kisha tukasoma kozi ya ushoni. Cheti tunacho, kimo ndani ya bahasha kabatini, na tangu tufungue duka hakuna mteja hata mmoja aliyetaka kukiona. Wateja wanaangalia mshono uliokwishashonwa, wanageuza gauni ndani nje, wanavuta uzi, wanaondoka au wanatoa kitambaa.

Je, kozi ilikuwa bure? Hasha. Ilitufunza kukata patani, kupima, kujua kitambaa kipi kinavutika na kipi kinafumuka, na kuhesabu yadi. Lakini siku mteja wa kwanza alipotuwekea mezani satini yake ya bei kubwa, mkono ulitetemeka na cheti hakikusaidia kitu. Aliyetutoa woga ni fundi mmoja mtu mzima ambaye hajapata kukanyaga darasa la ushoni. Yeye ndiye aliyetufundisha kumpima biharusi akiwa amesimama na kumpima tena akiwa amekaa, kwa sababu siku yake atakaa juu ya kiti saa nyingi na gauni litambana kiunoni. Hilo halikuwemo kwenye madaftari yetu.

Na yeye naye alikuwa na upungufu wake. Hesabu hakuzijua vizuri, kila gauni alinunua kitambaa cha ziada, na mwisho wa mwezi faida yote imelala kwenye vipande ndani ya gunia. Sisi na hesabu zetu za skuli ndio tuliomwonyesha. Kwa hiyo tunaposema darasa peke yake halitoshi, na mkono peke yake hautoshi, tunasema tuliyoyaona.

Waliofika bila cheti

Upigaji picha si udaktari wala urubani. Mtu asiyesomea udaktari akishika kisu anaua. Kwenye picha dunia nzima watu wamejifunza kwa kukaa chini ya fundi.

Tuanze hapa kwetu. Nani hajapita Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, asiione Capital Art Studio? Ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na kazi ikaja kushikwa na mwanawe Rohit. Nusu ya picha za kale za Unguja tunazozitazama leo tukasema "tazama mji ulivyokuwa" ni za mikono kama hiyo. Kazi ilitoka kwa baba ikaenda kwa mtoto, kama zinavyokwenda useremala na uhunzi.

Tutoke kidogo. Bamako, nchini Mali, alikuwepo Seydou Keïta. Alilelewa katika useremala, ami yake akampa kamera ndogo mwaka 1935 naye bado kijana, akajifunza kwa kuuliza na kwa kuharibu, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Nyuma ya wateja wake alikuwa akitundika shuka ya kitanda. Leo picha zake zimo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, na wanaosoma kwenye vyuo vikuu vya sanaa wanamsoma yeye.

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza na kamera ya sanduku akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na mwaka 1963, naye kijana wa miaka ishirini hivi, akaanzisha Camerapix katika mji huohuo. Picha alizozichukua za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, watu wakachanga fedha kutoka kila upande. Hakuna aliyeuliza alihitimu chuo gani kabla ya kutoa mchango wake.

Na kwa wale wanaosema kazi hii ni ya wanaume, Ghana alikuwepo Felicia Abban. Baba yake alikuwa mpiga picha, naye akaanza kujifunza kwake akiwa na miaka kumi na nne. Katika miaka ya 1950, bado msichana mdogo, akafungua studio yake mwenyewe Accra. Alimpiga picha mpaka Rais Kwame Nkrumah. Mtoto wa kike, kafundishwa na babake, hakuhama nyumbani kutafuta chuo.

Kwa hiyo yule mama aliyesema "huyo ni mtu mwenye kamera" tunamwambia kwa heshima: kumbebea fundi mabegi miaka miwili, kushika taa, kuangalia, kukosea na kusahihishwa, hiyo nayo ni skuli. Cherehani, useremala, upishi wa biriani la watu mia tano, ususi, hina, yote haya visiwani kwetu tumeyapokea kwa njia hiyohiyo. Na hamjapata kumuuliza mpishi wa biriani cheti.

Lakini wote hao walisoma

Sasa tugeukie upande wa pili, maana tunawaona baadhi yenu mnatabasamu. Msifurahi mapema.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyenunua kamera leo akaenda harusini kesho. Na wengine walipopata nafasi ya darasa waliikimbilia. James Barnor wa Ghana alijifunza kwanza kwa binamu yake, akawa na studio yake Accra, jina kalipata na wateja anao. Pamoja na hayo akenda Uingereza na akasoma katika chuo cha sanaa cha Medway, akajifunza picha za rangi, na aliporudi Ghana akawa miongoni mwa waliotangulia kuzisafisha huko. Na Mali ileile ya Keïta ametoka Malick Sidibé, ambaye alisoma skuli ya sanaa na ufundi Bamako kabla ya kuingia studio ya mtu kujifunza kamera. Mwaka 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu kule Venice. Mmoja hakupita darasani, mwengine alipita, na wote wawili walijua kazi.

Kazi yenyewe ni ipi? Tuwaeleze mambo machache tunayoyaona sisi tunaosimama pembeni ya biharusi kila wiki.

Biharusi kavaa shela jeupe, bwana harusi kavaa kanzu nyeupe. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga wenyewe, inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, basi inaupunguza. Matokeo yake shela la laki nane linatoka rangi ya maji ya mchele, na uso wa mtoto unakuwa mweusi mpaka macho hayaonekani. Kinyume chake, wapigwe picha kinamama kumi waliovaa mabaibui meusi, kamera inadhani ni giza, inaongeza mwanga, baibui linakuwa kijivu na nyuso zinapauka. Anayejua anaipinga kamera: kwenye weupe anaongeza, kwenye weusi anapunguza. Asiyejua anapeleka kwenye programu ya simu, anawapaka watu poda ya kompyuta, na biharusi anatoka kama si mtoto wa wazazi wake. Halafu lawama zinatujia sisi tuliompamba!

Turubai la kijani nalo. Saa saba mchana watu wako chini yake, nyuso zote zinapigwa ukijani kama wagonjwa wa manjano. Saa sita za jua letu, mtu akisimamishwa uwanjani, macho yanakuwa mashimo mawili. Ukumbini usiku, wakati wa kutunza, watu wanacheza na taa ni hafifu. Kasi ya shata ikiwa ndogo, mikono yote inakuwa ukungu. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, biharusi anaonekana na mamake aliyesimama hatua moja nyuma hasomeki. Mambo haya matatu, tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO, yanavutana kama kamba, ukigusa moja lazima uangalie mengine. Hayo ni masomo. Mtu anaweza kuyasoma chuoni, anaweza kuyasoma kwa fundi, anaweza kuyasoma kwenye vitabu na video usiku watoto wakishalala. Lakini lazima ayasome mahala.

Sisi tumeyaona machozi ya asiyesoma. Harusi moja, familia imechanga, picha zimepigwa tangu hina mpaka kuingia ukumbini, zote ndani ya kadi moja. Kadi ikafa. Hakukuwa na nakala ya pili. Bibi yake biharusi, ambaye siku ile alikuwa amenyanyuliwa kitandani aje akae karibu na mjukuu wake, alifariki miezi minne baadaye, Allah amrehemu. Picha yao ya pamoja haipo. Mpiga picha alilia na akarudisha fedha zote, lakini familia haikuwa na haja ya fedha. Kuweka nakala mbili ni somo la dakika kumi, na hakuna aliyemfundisha.

Kwa nini skuli haiachwi

Turudi kwa mama wa kidato cha tatu. Dada yetu, unasema picha hazitaki skuli. Tufanye hesabu pamoja.

Kamera ina shata ndani yake inayofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, na kila kitu kinachofunguka na kufunga kinachakaa. Shata za kamera nyingi za daraja la kati hukadiriwa kama picha laki moja mpaka laki moja na nusu. Harusi moja ya siku tatu mpiga picha hupiga kama 1,500. Akipata harusi mbili kila mwezi ni 3,000, kwa mwaka ni 36,000. Miaka mitatu ni 108,000. Maana yake ndani ya miaka mitatu au minne mwanao anatakiwa awe ameshaweka fedha za kamera nyengine. Je, katika bei aliyowatajia wale watu wa akika, hizo fedha zimo? Au anakula kamera yake kidogo kidogo bila ya kujua, kama yule fundi wetu na gunia lake la vipande?

Hizo ni hesabu za skuli. Tundu la lenzi lenyewe linaandikwa kwa namba ambazo zinawachanganya wengi, kwa sababu namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo. Ukitoka 2.8 ukaenda 4, mwanga unaoingia umepungua nusu. Aliyeelewa sehemu na migao darasani analishika kwa siku moja. Aliyekimbia hesabu atakariri, na siku mwanga ukibadilika atapotea.

Kuna lugha pia. Mahoteli ya pwani yetu, kuanzia Nungwi mpaka Paje, yanaleta wageni wanaooana ufukweni na wanaotaka picha za fungate. Kazi hizo zinalipa. Mgeni anataka kuandikiana, kujua bei, kusaini mkataba kabla hajapanda ndege. Msichana asiyeweza kusoma mkataba kwa Kiingereza atafanya kazi chini ya mtu mwengine, atapewa robo ya fedha, na jina litakaloandikwa chini ya picha halitakuwa lake. Na haki ya picha ni ya nani? Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003 na ina ofisi inayosimamia mambo hayo, COSOZA. Anayejua kusoma atakwenda kuuliza. Asiyejua ataona picha yake kwenye bango la mtu na atadhani ni sifa.

Na sisi Waislamu ndio hasa tusingetakiwa kusema kuwa elimu ya picha haina maana. Miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuishi Misri, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na uoni. Alieleza kuwa tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni, akafanya majaribio kwa chumba cha giza chenye tundu dogo. Msingi wa kamera ndio huo: chumba cha giza, tundu na mwanga. Kuna watu wanaosambaza kuwa neno "kamera" limetokana na Kiarabu. Si kweli, ni Kilatini na maana yake ni chumba. Hatuna haja ya kuongeza chumvi, heshima ya mzee wetu yule inatosha bila uongo. Alifika pale kwa kusoma, kupima na kuandika. Neno la kwanza alilopelekewa Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa amri ya kusoma, na hakukutajwa cheti.

Elimu ambayo haina mtihani

Lipo somo jengine, na hili kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Ni amana.

Harusi ya wanawake mpiga picha anaona yasiyoonwa. Anaona nywele, mabega, watu wanaocheza na kucheka bila ya wasiwasi kwa sababu wamehakikishiwa hakuna mwanamme. Akitoka pale ana heshima ya nyumba nzima ndani ya begi lake. Je, picha zile zinakwenda wapi? Mama zetu wengi wakishasikia mpiga picha ni mwanamke wanatulia, hawaulizi zaidi. Kumbe dada amepiga, lakini anayeziediti ni kijana wa kiume dukani, na zinasafishwa mahala ambapo wanaume watano wanazipitia mezani. Kumbe kompyuta ni ya watu wote. Kumbe picha tatu nzuri zimeshawekwa Instagram kutangazia biashara, na biharusi hajaulizwa.

Hatujui chuo kinachotoa cheti cha amana. Msichana wetu yule asiye na diploma ana kadi zake mwenyewe, anaediti mwenyewe nyumbani, anakabidhi kwa mkono wa biharusi, na baada ya siku walizokubaliana anafuta mbele yake. Kafundishwa hivyo na yule dada aliyembebea mabegi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kazi ikifanywa ifanywe kwa ukamilifu, na ametuonya vikali juu ya kuhini amana. Mwenye diploma asiyelijua hili bado hajahitimu machoni petu.

"Lakini makazini wanataka cheti"

Tunajua mtatwambia hivyo, na ni kweli. Mtoto akitaka kuajiriwa serikalini, au kwenye gazeti, au kufundisha chuoni, tangazo la kazi litataka cheti na maneno yetu hayatamsaidia. Mwenye uwezo na asome, tena tunamuombea. Chuoni atapata kamera za kujifunzia, taa, walimu, wenzake wa kushindana nao, na historia ya kazi yake. Hayo si mambo madogo.

Tunachokataa ni kumfungia mlango asiye na uwezo huo. Tunakataa mama kuuza bangili zake zote kulipa ada ya diploma, mtoto anamaliza ana karatasi na hana kamera, halafu anakaa nyumbani akisubiri tangazo. Na tunakataa mwanamke mwenye miaka minane kazini kuambiwa na ofisi kuwa si fundi. Tanzania Bara VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kile anachokijua, na akifaulu anapewa cheti. Wahusika wa mafunzo ya amali hapa visiwani tunawaomba mlango wa namna hiyo uwe wazi kwa wapiga picha wanawake, na tangazo lake lifike mpaka Wete na Makunduchi. Wapimeni mikono yao, msipime bahasha zao.

Basi muulizeni haya

Mama unayeoza, ukitaka mpiga picha, hebu weka cheti pembeni umuulize hivi.

Mwambie akuonyeshe harusi moja nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, siyo picha kumi alizozichagua. Picha kumi nzuri kila mtu anazo.

Muulize atafanya nini shela jeupe na uso mweusi vikiwa katika picha moja. Akikujibu "nitarekebisha kwenye kompyuta" tu, endelea kutafuta.

Muulize anaweka nakala ngapi, na wapi.

Muulize nani anaediti, nani anasafisha, na nani mwengine anazifungua.

Muulize alijifunza kwa nani, kisha mpigie simu huyo mtu.

Muulize bei, umuache aieleze. Anayejua kazi yake anajua kwa nini anataka kiasi hicho. Na ukishaelezwa, mlipe kwa wakati. Hatuwezi kudai elimu kutoka kwa watoto wa kike huku tunawaambia "nipunguzie mwanangu, wewe si umejifunza mwenyewe tu".

Na wewe mdogo wetu uliyeshika kamera bila ya cheti, usitembee umeinamisha kichwa, lakini usijidanganye pia. Kila siku soma kitu. Tafuta fundi ukae chini yake, na ukimpata muheshimu. Inasimuliwa kuwa Nabii Idris alikuwa mshonaji, na Nabii Zakaria alikuwa seremala, amani iwe juu yao. Kazi ya mkono haijapata kuwa aibu kwetu.

Mama wa kidato cha tatu tulizungumza naye mpaka adhana ya Alasiri ikatukuta. Tulikubaliana mambo matatu. Mtoto anabaki skuli mpaka amalize kidato cha nne. Siku za mapumziko atakwenda kwa yule msichana wetu kubeba mabegi. Na kamera hainunuliwi mpaka yeye mwenyewe atuletee karatasi yenye hesabu ya itajilipa vipi. Jumamosi iliyopita tulimwona ukumbini, kashika taa, jasho linamtoka, macho yote kwa mwalimu wake. Karatasi ya hesabu bado hajaileta, tunamsubiri.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, atubarikie watoto wetu wa kike na riziki zao za halali. Amin.